Mtoto Tuliyemwacha Langoni

Leo hatuwaandikii habari ya kujisifu. Tunawaandikia kosa letu wenyewe, sisi walimu tuliozoea kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu.

Katika mji wetu wa Lubumbashi mna nyumba ya makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1937, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Wengi wenu mwapita mbele yake mkienda kazini wala hamwingii. Mwadhani ni nyumba ya wageni na wenye elimu nyingi. Hatuwalaumu. Sisi pia tulikaa mjini miaka mingi kabla ya kuvuka kizingiti chake. Humo mnatunzwa vitu vya wazee wetu: vyombo vya udongo, vinyago, zana za chuma, na ile misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya Katanga zamani za kale, kabla mtu hajajua franka ni nini. Basi tuliona yafaa kuwapeleka huko wanafunzi wetu wa darasa la tatu. Wako 52 katika orodha. Siku ile tulipeleka 51.

Ilikuwa siku ya nne asubuhi, kamyo inangoja langoni pa shule. Mama yake alimleta mapema kuliko wote. Alikuwa amemvika shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na viatu ambavyo hatujapata kuviona miguuni mwake. Mama akafungua fundo katika pindo la kitenge chake, akatoa franka za safari, akatunyoshea kwa mikono miwili. Nasi tukamwambia: “Mama, twaona afadhali abaki. Huko kuna watu wengi na vitu vya kuvunjika. Tutampeleka siku nyingine.”

Hakubisha. Alisema tu, “Ndiyo, baba mwalimu,” akafunga tena fundo lake. Mtoto hakututazama, alikuwa ameinama mbele ya gurudumu la kamyo, akihesabu nati zake kwa kidole. Kamyo ilipoondoka tuligeuka nyuma tukawaona wamesimama pale pale.

Ile “siku nyingine” tuliisema kama mdaiwa asemavyo “kesho”. Hatukuwa nayo moyoni.

Je, wale 51 walipata faida gani? Tunapaswa kusema kweli hapa pia. Waliingia kama maji ya mto uliofurika, wakapita chumba hata chumba, sisi nyuma yao tukipaza sauti: usiguse, usikimbie, nyamaza. Jioni tuliwauliza wameona nini. Mmoja alisema ameona vioo. Wa pili alisema mzee zamu ana funguo nyingi kuliko padri. Wa tatu alikuwa amenakili katika kaye yake maandishi ya kibao kizima, kwa Kifaransa, neno kwa neno, wala hakujua ni kibao cha kitu gani. Kumbe safari ile haikumfaa aliyebaki, na wale waliokwenda pia iliwafaa kidogo mno.

Sasa tuwaeleze huyu mtoto ni wa namna gani. Ana miaka 9. Ukisema naye hakutazami machoni. Kengele ya shule ikilia, huziba masikio na kutikisa mwili mbele na nyuma, na siku nyingine hukimbilia chini ya dawati. Hapendi mambo yabadilike: tukihamisha ubao, asubuhi yake imeharibika. Hasemi mengi, mara nyingi hurudia neno la mwisho ulilomwambia. Lakini namba za magari yote yapitayo njia yetu anazijua, na ukimpa hesabu ya kujumlisha hukupa jibu kabla hujamaliza kuiandika. Tulimweka nyuma kabisa, karibu na dirisha, ili “asisumbue”. Neno hilo nalo ni la kwetu.

Mtaani walikuwa na neno lingine. Walisema mtoto ni mlozi. Nkambo wake, mzee mwenye heshima na mchapa kazi, alianza kusema kwamba mtoto asiyetazama watu machoni anatazama vitu vingine, na kwamba kuna nyumba ya maombi fulani wanapowafungia watoto kama hawa siku nyingi bila chakula, mpaka “kitu” kiwatoke. Baba mtoto alikuwa amekwisha kukubali nusu. Ninyi mkaao mjini mwajua jambo hili huishia wapi: mwawaona watoto wanaolala sokoni. Sheria yetu Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, tena yaweka adhabu. Lakini sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na shutuma husemwa jikoni.

Mganga mmoja wa hospitali alimweleza mama kwamba hali hii ina jina: kwa Kifaransa husemwa otisimu, na kwa Kiswahili cha siku hizi, usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Mtu huzaliwa nayo. Ubongo wake hupokea sauti, nuru, mguso na maneno ya watu kwa njia nyingine kuliko yetu. Kelele ambayo sisi twaisikia kidogo, yeye huisikia kama nyundo juu ya bati. Mwaka 1943 mganga Leo Kanner, huko Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika habari za wengine. Kisha ikaja miaka ya dhuluma. Wataalamu wengine, na Bruno Bettelheim mbele yao, walifundisha kwamba chanzo ni mama mwenye moyo baridi asiyempenda mtoto wake. Akina mama wangapi walilia kwa sababu ya fundisho hilo la uongo! Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza mapacha, wakaonyesha kwamba jambo hili latokana sana na urithi wa mwili. Basi huko ng’ambo walimshitaki mama. Huku kwetu twamshitaki mtoto mwenyewe. Hatuoni nani amemzidi mwenzake kwa hekima.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya 600. Hesabu hii hata yule mtoto asingehitaji kalamu kuifanya.

Tuliposikia habari za ile nyumba ya maombi, usingizi ulitupotea. Tulijiuliza: nani alimwonyesha nkambo kwamba mtoto huyu si wa kukaa pamoja na watoto wengine? Mwalimu, aliyemwacha langoni mbele ya watu wote, ndiye aliyemwonyesha. Ndipo tukaanza kutafuta habari: je, nyumba za makumbusho za nchi nyingine huwapokeaje watoto hawa?

Tulidhani tutasoma juu ya mashine za thamani kubwa. Sivyo. Huko Washington, nyumba za makumbusho za Smithsonian zina siku fulani ambapo jamaa zenye watoto wa namna hii huingia asubuhi kabla ya watu wengine wote. Mjini London, Science Museum hufanya vivyo hivyo. Siku hizo huziita Early Birds, yaani ndege waamkao mapema. Jirani yake, Natural History Museum, penye mifupa ya nyangumi mkubwa iliyotundikwa darini mwaka 2017, ina asubuhi zake pia. Watu ni wachache. Mitambo yenye makelele huzimwa au sauti yake hupunguzwa. Kuna chumba kitulivu cha kupumzikia mtoto akilemewa. Mtoto akilia au akilala chini, hakuna anayemkodolea mama macho, kwa maana kila mama aliyepo ameyaona hayo nyumbani.

Lakini lililotugusa zaidi ni jambo moja dogo: kabla ya siku yenyewe jamaa hupewa hadithi ya picha. Hadithi hiyo humweleza mtoto, hatua kwa hatua, mambo yatakayompata: utaona mlango mkubwa, mtu mwenye sare atakusalimu, ndani mna vitu vya kutazama na vitu vya kugusa, ukichoka, mtatoka. Hadithi za namna hii alianza kuziandika mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwalimu kama sisi! Nasi tulijiuliza kwa nini hatukulifikiria, sisi ambao hatuingii hata katika ofisi ya komini bila kuuliza kwanza tutamkuta nani na tutasema nini.

Wako wasemao kwamba saa ya peke yao ni njia nyingine tu ya kuwatenga watoto hawa. Hoja hiyo si ya kudharau. Nyumba ikiwafungulia asubuhi na kuwafungia mchana, haijafanya kitu. Lakini mtoto ambaye hajapata kuingia popote hawezi kuanzia katika msongamano. Na aanze saa ya utulivu, kisha tuone. Tena, si kila mtoto mwenye usonji ni hodari wa hesabu kama huyu wetu. Wengine hawasemi kabisa, wengine wahitaji msaada mchana na usiku mpaka uzee. Hao nao wana macho, na wana mama.

Hapa tunapaswa kuwakumbusha habari ya Sanga, kwa sababu ndiyo iliyotuchoma. Sanga ni mahali kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kaskazini ya hapa kwetu. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko makaburi ya kale sana, na baadaye Pierre de Maret aliendelea. Makaburi mengine yana umri wa miaka elfu moja hivi. Wafu walizikwa pamoja na vyungu, na mapambo ya shaba na ya chuma, yenye ufundi wa kutushangaza hata leo. Na katika makaburi ya watoto walikuta vyungu vidogo: kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, kadiri hiyo chungu kilikuwa kidogo. Mfinyanzi alimwangalia mtoto kwanza, ndipo akashika udongo. Somo hili tulilifundisha darasani kwa ufasaha mwingi, tukachora ubaoni vyungu vitatu, mkubwa, wa kati na mdogo. Tulilifundisha juma lile lile tulipomwacha mtoto langoni.

Basi tukanunua kaye mpya yenye kurasa 32, tukaanza kuchora. Ukurasa wa kwanza: nyumba ya mtoto. Wa pili: basi. Wa tatu: mlango wa makumbusho. Wa nne: mzee zamu mwenye kofia, na funguo zake. Wa tano: chumba chenye makabati. Wa sita: misalaba ya shaba. Tuliendelea hivyo mpaka ukurasa wa kurudi nyumbani kula bukari. Hatukuzaliwa na kipaji cha kuchora. Mke wetu alipoona picha ya mwalimu aliuliza ni mbuzi gani huyo. Tulimpelekea mama ile kaye siku ya kwanza ya juma, naye akaisoma na mtoto kila jioni baada ya chakula. Siku ya tatu alituambia kwamba mtoto hulala nayo.

Tukaenda kumwona mzee zamu, tukamweleza shida yetu, tukimwomba aturuhusu kuingia siku ya posho kabla ya saa ya watu. Alitusikiliza akiegemea ufagio. Akauliza: “Ni yule mtoto wa kuhesabu magari?” Kumbe walikaa mtaa mmoja! Akasema tuje.

Tulikuwa sita: mama, mtoto, dada yake mdogo, nkambo, sisi, na mwalimu mwenzetu wa darasa la kwanza. Nkambo alikuja kwa sababu hakutaka mtoto apelekwe mahali penye vinyago bila mtu mzima wa ukoo. Ndivyo alivyotuambia, wala hakutupa mkono.

Tulifika mlangoni, na mtoto akasimama kama mti. Hakulia. Alishika kaye yake, akafungua ukurasa wa nne, akamtazama mzee zamu miguuni, akatazama ukurasa, akarudi nyuma hatua tatu, akakaa chini. Mama akambembeleza. Sisi tukambembeleza. Nkambo akatazama juu, kama mtu aliyekwisha kusema tangu mwanzo. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, tukaanza kufikiri kwamba yote ni bure. Dada yake mdogo, wa miaka 5, ndiye aliyetambua. Alisema: “Hana kofia.”

Kweli, katika picha tulimchora na kofia, na asubuhi ile hakuwa nayo. Ilikuwa imefuliwa, iko kwake juu ya kamba. Tungekuwa sisi, labda tungemwambia mtoto aache ukaidi. Mzee yule hakusema neno. Aliingia ndani, tukasikia anafungua sanduku, akatoka amevaa kofia ya mwenzake, kubwa mno, iliyomshuka mpaka juu ya masikio. Mtoto akatazama ukurasa, akainuka, akaingia.

Hatukuona vyumba vyote. Twaona haya kusema, wala si haya kubwa: tuliona kabati moja. Mtoto alipita mbele ya vinyago bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja penye misalaba ya shaba, mikubwa kwa midogo, akaanza kuihesabu kwa sauti. Mama alishika mdomo wake kwa kiganja. Hakuwa amepata kumsikia mtoto akisema kwa sauti mbele ya watu wasio wa nyumbani.

Nkambo naye alisogea. Alitazama misalaba kwa muda, kisha akasema, si kwetu, kwa kioo: “Hii ndiyo waliyotolea mahari zamani.” Akaanza kusimulia aliyoyasikia kwa babu yake: namna walivyochimba mawe ya shaba wakati wa kiangazi, namna walivyojenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, moto na mivukuto, na shaba ikimiminwa katika kifuo cha mchanga chenye umbo la msalaba. Hatujapata kusikia somo zuri kama lile katika darasa letu lolote. Kibao kilichokuwa ukutani hakikuwa na nusu ya maneno yake. Mwenzetu alitoa kalamu akaandika, nasi tukakumbuka yule mwanafunzi wetu aliyenakili Kifaransa chote, tukacheka kimoyomoyo.

Mtoto hakumtazama nkambo wakati wote ule. Lakini kila mzee aliponyamaza, alisema neno lake la mwisho. “Kichuguu,” akasema mtoto. “Ndiyo, kichuguu,” akasema nkambo, akaendelea. “Mchanga.” “Ndiyo, mchanga.” Walikwenda hivyo kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja.

Kisha huko nje mashine ya umeme ya jirani ikawashwa ghafula kwa mlio mkubwa. Mtoto akaziba masikio akaanza kutikisika. Ukurasa wa mwisho ulisema: ukichoka, mtatoka. Tukatoka. Tulikuwa ndani dakika 35.

Mama alitaka kulipa. Alifungua pindo la kitenge, nasi tukakataa, naye akakataa kukataa kwetu, mpaka mzee zamu akaamua kwamba fedha zinunue mikate. Tukala sote kivulini, na mtoto akala ganda tu akampa dada yake nyama ya mkate.

Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yote yamenyooka. Mtoto bado huingia chini ya dawati kengele ikilia. Tumepata ruhusa ya mkurugenzi wa shule kupiga ubao kwa kiganja badala ya kengele katika darasa letu, na walimu wengine hutucheka. Tumemtoa kule nyuma. Baba yake bado hajasema lolote. Wale wanafunzi 51 walipoona kaye ile walilalamika sana kwamba wao hawakupewa yao, nasi hatukuwa na jibu. Basi tunachora nyingine, ya darasa zima, twende watu kumi kumi, kila kumi na kabati lao.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata mtoto alirudisha kaye yetu mezani. Ukurasa wa sita ulikuwa umesahihishwa kwa kalamu ya risasi. Tulikuwa tumechora misalaba mitano. Aliifuta yote, akachora 17, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Ndiyo hesabu ya kabati lile, tumekwenda kuihakikisha. Na mzee zamu wa ukurasa wa nne alikuwa ameongezewa kofia nyingine, kubwa, inayofunika masikio.

Nkambo ndiye aliyemleta shuleni asubuhi ile, mpaka mlango wa darasa. Alitusalimu, akasimama kidogo akitazama ubao, kisha akauliza kama mzee yule huwa kazini kila siku ya posho.